Picha za makinda wa kipanga na mwewe huku maweni: zikikataa, shida iko wapi?

Jamani kila msimu naona watu wanauliza yale yale, picha imetoka nyeusi, picha ina ukungu, nimekaa tokea alfajiri sikuona hata unyoya, na jibu wanalopewa ni moja tu, kanunue lenzi kubwa. Mie sikubaliani kabisa. Huku kwetu Unguja na Pemba shida nyingi zinatokana na jua liko upande gani, maji yako wapi na upepo unatoka wapi, na lenzi ya bei ya pikipiki haitokusaidia kitu ukisimama upande mbaya wa kisiwa. Kwaiyo nakwenda dalili kwa dalili, tafuta yako ni ipi uanzie hapo.

Kwanza tuelewane ni ndege gani tunawasema. Mwewe mnamjua wote. Kipanga wa msituni, yule wa kifua chenye mistari mistari ya rangi ya kutu, yupo visiwa vyote viwili na Pemba wana aina yao ndogo ya peke yao ambayo haipo pengine duniani. Pemba pia kuna kozi (falcon, jamii ya ndege wawindaji wenye mabawa ya ncha) mdogo wa kijivu mwenye kichwa cheupe-cheupe na duara la njano machoni, anapenda minazi, hasa ile mikavu iliyokatika kichwa, ndo anataga huko juu. Afu kuna wageni, ospri anaekula samaki, na wale kozi wa kijivu wanaozaliwa kwenye majabali na visiwa vya Bahari ya Shamu na Ghuba, ambao wazazi wao wanataga kwenye joto kali la kiangazi cha huko ili makinda wakue wakati ndege wadogo wa Ulaya wanapita, halafu wanashuka Afrika Mashariki kuelekea Msumbiji na Madagaska. Yani yule kijana unaemuona mwezi wa 11 anakata angani pwani yetu, miezi michache nyuma alikuwa yai kwenye jabali la mbali huko.

Na majabali yetu sio ya Ulaya. Kule Uingereza au Marekani kozi mkubwa anataga kwenye ukuta wa jiwe unaoweza kushuka hata mita mia. Yetu ni mawe ya matumbawe, mafupi, yameliwa chini na mawimbi, mengi hayafiki urefu wa mnazi. Usije ukakaa Mtende, kusini ya Unguja, unatafuta kiota kwenye ukuta kama ulivyoona kwenye video za wazungu. Huku jabali ni pa kusimama ndege, pa kuwindia na pa kupandia upepo, kiota chenyewe mara nyingi kipo kwenye mti wa nyuma yako.

NAKAA KUTWA SIONI KITU

Hapa sababu ni kama tatu na zinachanganyika.

Upepo. Kusi, upepo wa kusini, ikivuma inapiga pwani ya kusini na mashariki, Mtende, Makunduchi, Michamvi, upepo ukigonga jabali hauna pa kwenda unapanda juu, na ndege anaupanda huo huo bila kupiga bawa. Kwa vile jabali letu fupi, ule upepo wa kupanda ni mwembamba, unakaa karibu na ukingo tu, kwaiyo ndege anapita karibu na usawa wa macho yako, hii ni neema ambayo wenye majabali marefu hawana. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ikiingia hamia upande wake, Nungwi, Matemwe, na kwa Pemba Vumawimbi na Ras Kigomasha. Mtu anaekwenda Mtende mwezi wa kwanza, kaskazi haifiki kabisa huko, anakaa kwenye hewa iliyokufa, afu anasema ndege wameisha. Hawajaisha, wako upande mwingine.

Maji. Watu wanaangalia maji kwa ajili ya kuogelea tu. Maji yakipwa, vitwitwi na sululu, ndege wa ufukweni, wametawanyika kwenye tope na mchanga, kozi anawinda popote huko mbali na wewe huwezi kujua ni wapi. Maji yakijaa, hasa bamvua (siku za maji makubwa), wale ndege wote wanasukumwa wanabanana kwenye fungu la mchanga au mwamba mmoja uliobaki mkavu, na kozi anajua. Kwaiyo fika saa moja na nusu hivi kabla maji hayajajaa, kaa uone fungu la mwisho linabaki wapi, elekeza kamera huko. Ghafla vitwitwi wote wakiruka pamoja wanageuka geuka, usiwaangalie wao, tafuta alieko juu yao. Ospri yeye anapenda maji yanapoanza kupanda juu ya fungu, samaki wanaingia kwenye kina kifupi na anawaona vizuri kama bahari haijachafuka.

Msimu. Usitegemee kalenda ya vitabu vya Ulaya, huku ni misimu miwili ya mvua na ndege wetu wanafuata mambo yao. Fuata dalili: ndege amebeba kijiti, ndege anapeleka mawindo kila mara upande ule ule, kinyesi cheupe kinajipaka chini ya mti, mabonge madogo ya manyoya na mifupa aliyotapika. Ukiona hivyo kuna kiota au pa kulala. Kwa wale kozi wahamiaji ni vuli. Mvua ya mwanzo ikinyesha kumbikumbi wanatoka, jioni yake angalia juu, mana vijana wale wanakula kumbikumbi na kereng'ende angani huku wanaruka, wanakamata kwa miguu wanapeleka mdomoni bila kutua. Hapo hata asiekuwa na lenzi ndefu anapata kitu, mana wanarudi rudi sehemu moja.

Na kitu kimoja kingine, wasikilize kunguru. Hawa kunguru wa Bara Hindi walioletwa Unguja miaka ya 1890 kula taka ni balaa kwa mayai na makinda ya ndege wetu, lakini ni walinzi hodari, wakikusanyika juu ya mti mmoja wanapiga kelele wanapiga mbizi, kuna kipanga au bundi ndani. Nenda taratibu.

PICHA NYEUSI, NDEGE KAMA KIVULI

Sababu ya kwanza ni jua, na hapa ndo watu wa visiwa tunatakiwa tuwe wajanja zaidi kuliko wote. Pwani ya mashariki jua linatokea baharini. Ukisimama Michamvi saa moja asubuhi ukitazama bahari, kila ndege anaepita mbele yako ana jua mgongoni kwake na kivuli upande wako. Hakuna setingi ya kuondoa hilo. Pwani ya mashariki ya picha ni alasiri, saa tisa na nusu hivi mpaka jua linazama, jua liko nyuma yako linampiga ndege usoni. Pwani ya magharibi, Mangapwani, Fumba, Kizimkazi Dimbani, ni kinyume, asubuhi ndo yako na jioni ni ya kupiga picha za jua kuzama tu. Ndo mana naipenda sana Kigomasha kule Pemba, rasi ni nyembamba, asubuhi unakaa upande wa Verani, magharibi, mchana unapumzika kwenye kivuli msitu wa Ngezi, alasiri unahamia Vumawimbi, mashariki, siku moja na mwanga wote umeutumia.

Sababu ya pili, kamera inadanganyika na mbingu. Inaona mwanga mwingi inapunguza, ndege anakuwa mweusi. Kamera yoyote ina ile batani ya jumlisha na kutoa, panda +1, ikiwa mawingu meupe panda mpaka +1.7. Mbingu itakuwa nyeupe, iache, wewe unampiga ndege. Shida inakuja pale ndege anaposhuka kutoka mbinguni anapita mbele ya jabali au bahari nyeusi, ile +1 inamuunguza, hasa ospri ana tumbo jeupe. Kwaiyo siku ambayo hakuna mawingu mie nashauri uweke kila kitu kwa mkono: shata (spidi ya kupiga, sehemu ya sekunde) 1/2000, tundu la lenzi f/5.6 au f/6.3, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 400 mpaka 800, piga ya kujaribu kwa kitu chochote kilichopo juani, angalia ile grafu ya mwanga, sio skrini mana skrini juani inadanganya, ukiridhika usiguse tena mpaka jua libadilike. Mwanga unaompiga ndege ni ule ule, kilichobadilika ni nyuma yake tu.

Mchana je? Sisi tupo karibu na mstari wa ikweta, kama digrii 6 tu kusini, jua la saa sita linakuwa karibu kichwani na tumbo la ndege linaingia giza. Watu wanakwambia funga kamera. Kwa ndege alietua mie naafiki. Kwa ndege anaeruka, subiri kidogo: maji yakiwa yamepwa na chini yake kuna mchanga mweupe au maji ya kina kifupi, ule mwanga unarudi juu unamulika tumbo na mabawa kwa chini, unapata manyoya yote yanaonekana kama umeweka taa. Pwani ya mashariki hii iko bure, ni kujua tu ukae wapi mchanga uwe chini ya njia yake.

PICHA HAIKO SHAPU

Hii ndo dalili inayotajwa kuliko zote na watu wanaiita jina moja wakati ni magonjwa matano tofauti. Usibadilishe setingi hata moja kabla hujaikuza picha ukaitazama vizuri.

Kama kila kitu kimevutika upande mmoja, mti, jiwe, ndege, vyote vimekwenda kulia kidogo, huo ni mkono wako au upepo unatikisa tripodi. Ongeza spidi ya shata, ninginiza begi chini ya tripodi, shusha miguu yake, kaa chini badala ya kusimama. Kama mawe yako shapu lakini bawa la ndege ndo limefutika, spidi ndogo kwa ndege, sio kwako. Kinda aliekaa tuli 1/500 inatosha, akianza kupiga piga mabawa kwenye tawi kujizoeza, na wanafanya hivo sana siku za mwisho kabla ya kuruka, nenda 1/1600, akiruka 1/2000 na kuendelea, akipiga mbizi hata 1/3200.

Kama ndege hayuko shapu lakini kuna kitu kingine kiko shapu, jani, jiwe la nyuma, povu la wimbi, basi fokasi ilikwenda sehemu nyingine. Huku baharini mawimbi yanameta yana weusi na weupe mwingi, fokasi inayapenda kuliko ndege wa kahawia. Weka fokasi ya kufuatilia, kwenye Canon imeandikwa AI Servo, Nikon na Sony AF-C, tumia kundi dogo la nukta katikati sio uwanja mzima, na kama lenzi yako ina kile kiswichi cha kuzuia fokasi isije karibu, kiwashe. Afu fokasi kabla hajafika: tafuta jiwe au mwamba ulio umbali sawa na njia yake, fokasi hapo, akija kamera inakuwa na safari ndogo. Na mkamate angani kwanza akiwa na mbingu nyuma yake, umfuate akishuka, usingoje mpaka aingie mbele ya miti ndo uanze kumtafuta.

Kama hakuna chochote kilicho shapu, kingo za ndege zinacheza cheza, picha ya kwanza mbaya ya pili mbaya zaidi ya tatu afadhali, na wewe hujagusa kitu, hilo ni joto. Hewa juu ya mchanga, mawe na paa za mabati inachemka, mwanga unapinda pinda njiani, na lenzi ikiwa ndefu zaidi ndo inakuza na huo mchemko. Lenzi ya bei kubwa haina dawa ya hili. Kujua kwa hakika, piga kitu cha karibu muda ule ule, kwa mfano jina lililoandikwa kwenye ubavu wa mashua iliyopandishwa mchangani mita ishirini hivi. Jina likitoka shapu na ndege wa mbali hatoki, kamera yako nzima, hewa ndo mbovu. Dawa ni kuwahi, saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu, ukivuka saa nne jua kali jabali limeshapata moto. Au pungua umbali. Au kaa sehemu ambayo kati yako na ndege kuna maji tu, mana juu ya maji hewa inatulia zaidi kuliko juu ya jiwe. Siku ya mawingu unaweza kupiga hata saa sita.

Ya tano, picha yote ina weupe weupe kama maziwa, rangi zimefifia, fokasi iko sawa. Kioo kichafu. Kusi ikiwa kali chumvi inaruka kutoka kwenye mawimbi inakaa kwenye lenzi hata kama hujasogelea maji, unaiona ukiinamisha kioo kwenye mwanga. USIFUTE kwa fulana ikiwa kavu, ile chumvi na mchanga vitakwaruza kioo. Puliza kwanza kwa kile kipira cha kupulizia, lowesha kitambaa laini kwa maji baridi ya kunywa kidogo tu, chumvi iyayuke, pitisha taratibu, halafu kitambaa kikavu. Ukirudi nyumbani pitisha kitambaa chenye unyevu na kwenye mwili wa kamera na miguu ya tripodi, mana chumvi inakula skrubu kimya kimya.

Wenye simu tu, msikate tamaa. Usivute zum mpaka mwisho, ile sio lenzi ni programu inakata picha na kuitanua. Weka simu kwenye kioo cha darubini, mkono mmoja umeshika vyote viwili au tafuta kishikizo, na kinda aliekaa mti mkavu mita thelathini utampata vizuri tu wa kumtambua.

LENZI IMEPATA UMANDE

Umetoka kwenye ukumbi wa AC wa boti, umeshuka Mkoani, umefungua begi bandarini, kioo kimejaa ukungu. Au umelala chumba cha AC. Lenzi ni baridi, hewa yetu imebeba maji mengi, yanakuwa matone juu yake. Usifute na usibadilishe lenzi hapo, utaingiza unyevu ndani. Acha kamera ndani ya begi lililofungwa nusu saa ipate joto pole pole. Bora zaidi usiku isilale kwenye AC.

Ukungu wa kweli, ule wa kuvu unaota kama nyuzi za buibui ndani ya kioo, unakuja kwa kuhifadhi vibaya. Kabati la nguo na begi la ngozi lililofungwa ndo kitalu chake. Kontena la plastiki la kufunga vizuri, ndani vile vipakiti vya kukausha unyevu, vikishiba vikaushe uvirudishe. Na kamera itumie, isikae miezi gizani.

NDEGE WANANIKIMBIA, AU MAMA ANANIPIGIA KELELE

Ndege anaekukimbia kila mara anakwambia kitu kuhusu unavyokwenda. Usimwendee moja kwa moja huku umemkazia macho, ndo anavyokwenda mnyama anaetaka kumla. Nenda mshazari kama mtu anaepita, simama, kaa chini, tazama bahari, sogea tena. Ukikaa kwenye kivuli cha mkoko au mkadi ukatulia, ndege atakuja mwenyewe. Nguo nyeupe za kung'ara acha nyumbani.

Ila akiwa na makinda ni jambo jingine kabisa. Mzazi akiruka juu yako anazunguka anapiga kelele bila kunyamaza, akibeba mawindo asishuke kiotani, akiinamisha kichwa kukuangalia tu, uko karibu mno. Sio bahati ya picha hiyo, toka hapo. Jua letu linaua kinda mdogo haraka, mama anamkinga kwa mabawa, ukimfukuza mama saa tano mchana kwa ajili ya fremu mbili tatu umemuacha kinda kwenye moto. Na kunguru wanakuangalia. Wakiona mzazi kaondoka wanaingia. Rudi nyuma mpaka mzazi aendelee na kazi yake kama vile hupo, huo ndo umbali sahihi, uwe mita arubaini au mia, hauna namba moja.

Kuna dalili mbaya zaidi: umerudi wiki ya pili kiota hakipo au kimebomolewa. Mara nyingi njia ilifunguliwa na mpiga picha. Majani uliyoyalaza yanaonyesha watoto wenye manati pa kwenda, picha uliyoirusha ina mnazi na nyumba nyuma yake mtu yoyote wa kijiji anaijua, au simu imeandika mahali ndani ya picha yenyewe. Zima lokesheni. Rusha picha makinda wakishaondoka. Na usiwadharau watu wa shamba wanaomchukia mwewe, mtu amefuga kuku wake na vifaranga vinachukuliwa mbele ya macho yake, hasira yake ina haki. Ongea nae, mwambie vifaranga wakae chini ya tenga wiki zile za mwanzo, kaa unywe nae chai. Ukianza kwa kumuona sheha, kiongozi wa mtaa, na kueleza unachofanya, kijiji kizima kinakuwa macho yako na mara nyingi watakuonyesha kiota ambacho usingekipata mwaka mzima.

NIMESEMA NI KINDA, WATU WAMESEMA SIO

Ukubwa haukwambii umri, kinda alieruka tayari ana ukubwa wa mzazi wake, na kwa kozi na kipanga jike ni mkubwa kuliko dume kwa hiyo ndugu wawili wa kiota kimoja wanaweza kutofautiana sana. Angalia manyoya. Kipanga wa msituni mkubwa ana mistari ya kulala kifuani, kijana wake chini ni mweupe mwenye madoa ya kahawia kama matone. Kozi wa majabali, yule anaeshuka zaidi ya kilomita 300 kwa saa, akiwa kijana ni wa kahawia na michirizi yake kifuani inasimama wima, akikua inalala. Makozi vijana pia ngozi ya juu ya mdomo na ya kuzunguka jicho ni ya buluu-kijivu, njano inakuja baadae. Mwewe wetu mkubwa ana mdomo wa njano, kijana mdomo mweusi, ila angalia mwewe wageni nao wana mdomo mweusi. Furukombe ndo anaewachanganya watu zaidi, anachukua miaka kama minne mitano mpaka apate kile kichwa cheupe, kabla ya hapo ni wa kahawia wa mabaka mabaka, na wengi wanamuita ospri. Ospri ana mstari mweusi unaopita jichoni na mabawa membamba yaliyokunjika kwenye kiungo, kijana wake ana kingo nyeupe kwenye manyoya ya mgongo na jicho la rangi ya chungwa. Ukimuona ospri mwezi wa 6 au wa 7 pwani yetu, wakati wakubwa wako Ulaya wanalea, karibu hakika huyo ni kijana, mana wanabaki Afrika msimu wao wa kwanza wote.

Na kitu kinachosaidia sana, kama picha ni ya chini akiruka: kijana manyoya ya bawa yote yameota pamoja, ukingo wa nyuma ni msafi hauna mapengo. Mkubwa anaepukutisha utaona pengo au unyoya mfupi.

KINDA YUPO CHINI

Mwenye manyoya kamili anaeruka ruka chini mara nyingi hajapotea, anajifunza, na kelele zake za kuomba chakula wazazi wanazisikia. Fukuza paka, waondoe watoto, akiwa njiani mrushie kanga juu yake, mshike ndani ya kanga ukiziangalia kucha mana ndo silaha yake sio mdomo, muweke kwenye tawi la karibu, ondoka mbali uangalie. Ya kwamba mama atamkataa kwa sababu ya harufu ya mtu sio kweli, kwaiyo akiwa mdogo bado wa manyoya laini na kiota kinafikika, mrudishe. Usimtie maji mdomoni yatamuingia kwenye mapafu, usimpe mkate wala ugali. Akiwa ameumia, boksi lenye matundu, giza, kimya, na wapigie watu wa misitu siku ile ile. Kumfuga nyumbani kwa ajili ya picha hapana, kabisa.

MENGINE YA HARAKA

Ukingo wa jabali letu chini yake umeliwa, unachokikanyaga kinaweza kuwa ni bati la jiwe lililoning'inia hewani, kaa hatua kadhaa nyuma, viatu vya kufunga sio ndala. Mtende maji yakijaa ule ufukwe wa chini karibu wote unapotea, jua saa ya maji kabla hujashuka ngazi na tripodi.

Kamera inasimama katikati ya mlipuko wa picha (picha nyingi mfululizo): kadi yako ya memori ni ndogo spidi, piga JPEG (faili dogo la picha) au piga vipande vifupi vifupi. Ngezi lipia getini na uchukue mtembezaji wa pale, wanajua miti. Droni usirushe karibu na kiota hata kama kibali unacho, kwa Zanzibar kibali kinahitajika, na kipanga anaelea makinda anaweza kuivamia akaumia kwenye mapanga yake.

Ukikwama kwenye dalili ambayo haimo humu, weka picha yenyewe bila kuikata, sema ni upande gani wa kisiwa, saa ngapi, maji yalikuwaje na upepo ulitoka wapi, hapo mtu anaweza kukusaidia kweli.